Saa za Ndege na Saa za Tunda

Dainess Mwambungu alikuwa na miaka sitini na moja, na mbali kuliko kote alikowahi kufika ni Mbeya mjini, tena kwa kumuuguza dada yake. Lakini kijijini kwao Lupepo hapakuwa na aliyeijua safari ya tunda kumzidi. Kwa miaka thelathini alivumbika ndizi shimoni nyuma ya jiko lake, na ukimwambia unazitaka za harusi ya Jumamosi, Jumamosi asubuhi anazifukua njano tupu.

Kwa hiyo kikundi chao cha parachichi kilipopata mnunuzi wa Amsterdam, Dainess alitega sikio. Mnunuzi alitaka maboksi matano ya kuonja, yawe yameiva barabara Jumamosi wageni wake watakapokaa mezani. Yakimpendeza, atachukua mzigo wa msimu mzima. Yasipompendeza, basi tena.

Fred, katibu wa kikundi, kijana mzuri tu mpaka ashike simu, aliitazama simu yake akaandika ubaoni: Songwe hadi Amsterdam, kilomita 7,300, saa tisa na nusu. Akashauri matunda yavumbikwe hapahapa yakilindwa, yaondoke Ijumaa yakiwa yameshalainika. Wote wakaafiki.

Dainess akauliza kama ndege hiyo hutoka Songwe moja kwa moja. Fred akajikuna shingo. Haikuwepo ya namna hiyo. Simu ilipima mstari wa angani tu. Maboksi yangepanda basi mpaka Dar, yakaguliwe, yasubiri nafasi kwenye ndege, na huko yakaguliwe tena. Dainess akakunja vidole, kila kidole usiku mmoja. Mkono mzima ukaisha.

"Mwanangu, hizo ni saa za ndege," alisema. "Mimi nahesabu za tunda."

Wakamcheka, yeye ambaye hata kiwanja cha ndege hakijui. Hapo akapandwa na hasira.

"Yaondoke Jumatatu, magumu hivyohivyo. Yakiharibika, nifuteni kwenye kikundi."

Mwenyekiti, mzee Nsajigwa, akakubali, kwa kuwa harusi ya binti yake ililishwa ndizi za Dainess.

Jumatatu alfajiri alichuma mwenyewe, moja moja, kila tunda na kikonyo chake. Stendi ya Tukuyu alimgombeza mpakiaji mpaka akayahamisha maboksi mbali na mikungu iliyoiva, maana ndizi mbivu huivisha jirani yake.

Alhamisi asubuhi Fred alikuja mbio na habari kwamba mzigo ungali Dar. Dainess alimwambia usiku huo wa kusubiri alishauhesabu, akaendelea kupalilia.

Jumamosi mchana walijazana ofisini, simu ikaegemezwa dirishani. Wakamwona mnunuzi kule akilishika parachichi. Dainess hakuuangalia uso wake, aliangalia kisu. Kilizama bila kusukumwa. Ndani palikuwa na rangi ya siagi, hapana hata uzi mmoja mweusi. Mnunuzi akala nusu nzima ndipo akakumbuka kuongea, na alipoongea aliagiza msimu wote.

Vigelegele vilisikika mpaka barabarani. Dainess alilia waziwazi, hakujificha.

Fred akafuta ubao, akampa chaki kwa mikono miwili. Dainess, aliyeishia darasa la nne, akaandika kwa herufi kubwa: LUPEPO HADI AMSTERDAM, SIKU SITA.

"Ndaga, mama," Fred akamshukuru kwa lugha ya nyumbani.

"Jumatatu tunachuma," Dainess akamjibu. "Simu uiache nyumbani, uje na kikapu."