Karanga kwenye uji wa Ekisa

Leo asubuhi nimemwaga sufuria nzima ya uji. Mke wa mwanangu anadhani nimeanza kuchanganyikiwa.

Acheni niwaambie.

Mjukuu wangu amekuja Chakol kwa likizo. Ana aleji ya karanga, na sindano yake ya dharura haitoki kwenye mkoba. Nikamwekea uji wa wimbi. Kabla hajaonja akaniuliza mimi bibi yake, "Tata, umeweka karanga?"

Jamani, swali hilo!

Miaka ya sitini nilikuwa na ndugu mdogo, Ekisa. Mwembamba, na chochote chenye karanga alikikataa. "Inaniwasha koo," alisema. Sisi tukasema anaringa. Kwetu Wateso karanga haikosi jikoni; Mteso gani hali karanga?

Mama akaamua tumwekee kwenye uji bila yeye kujua, apate nguvu. Kutwanga ilikuwa kazi yangu. Nilizitwanga hadi zikawa laini kabisa.

Akaniuliza, "Dada, umeweka karanga?"

Nikamwambia, "Hapana. Kunywa."

Midomo ilivimba kwanza. Halafu pumzi ikaanza kukwama. Baba akampakia kwa baiskeli kumkimbiza hospitali ya misheni.

Hawakufika.

Watu wakasema mama jirani amemroga. Yule mama alihama. Mimi nilinyamaza, mpaka leo.

Sasa mtoto ananitazama, kikombe mkononi, anangoja jibu. Nyinyi mngemjibu aje? Mimi hilo "hapana" lilikataa kutoka. Nikampokonya kikombe, nikamwaga na sufuria.

Na ule uji haukuwa na karanga hata moja.