Udongo wa Shamba la Shemeji

Sipendi kuulizwa habari za soya yangu. Watu wakipita barabara ya Maposeni wakaliona shamba langu, wanasimama, wanavunja majani wanayapeleka puani kana kwamba watasikia harufu ya siri, halafu wananiuliza nimeweka mbolea gani. Nawajibu sijaweka mbolea. Huo ni ukweli mtupu. Kisha nainama napalilia mpaka wachoke kusimama. Wapo wanaosema nina dharau, na waseme.

Shamba lilikuwa la mume wangu, ekari mbili za udongo mwekundu ambao mahindi yameunyonya tangu enzi za baba yake. Mume wangu alipofariki nilibaki na shamba hilo, nyumba, na mabinti wawili wa shule. Msimu wa kwanza wa ujane wangu nilipanda soya kwa sababu wanunuzi walikuwa wanaitafuta. Ikatoka ya njano, fupi, yenye aibu. Mdogo wa mume wangu, huyo shemeji ambaye shamba lake linapakana na langu kwa kijia tu, alikuwa anapita kila asubuhi na jembe begani, anaangalia soya yangu, anacheka kwa pua.

Yake ilikuwa ya kijani iliyokolea. Amelima soya pale miaka mingi.

Baada ya mavuno yale, ambayo hayakujaza hata magunia mawili, ukoo ukakaa kikao. Sikuitwa kusema, niliitwa kusikiliza. Wakasema shamba linakataa mikono ya mgeni. Mgeni ni mimi, niliyezaa na kuzika mle mle ndani. Wakanipa msimu mmoja: likikataa tena, lirudi kwa wenyewe, na mimi na mabinti tutafutiwe pa kukaa. Wenyewe ni nani, kama si shemeji? Hata hakuona haya, alikuwa anatikisa kichwa kukubali kabla sentensi haijaisha.

Mtaniambia kuna sheria. Najua ipo. Niliambiwa na watu wa kanisani, nikaambiwa na mwalimu wa binti yangu. Lakini sheria haichoti maji kisima kimoja na wakwe zangu, wala haizikwi nao. Nilitaka shamba, na nilitaka kulipata mbele yao, kwa soya, wakiangalia.

Katika nyumba yangu alikuwepo mtu mmoja tu wa ukoo huo aliyekuwa ananisemesha kama binadamu. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Alikuwa ameolewa Namasakata, kule Tunduru kwenye mikorosho, ndoa ikamshinda, akarudi na begi moja. Kaka zake wakampa pole ya mdomoni. Mimi nikampa chumba. Mtu mwenyewe ni mkimya, anaamka kabla ya wote, na kitu chochote chenye unyevunyevu akikiona lazima akianike. Kule alikotoka korosho ikiingia ndani na maji imeharibika, basi miaka ishirini mkono wake umezoea hivyo: vyombo, nguo, dagaa, hata daftari za wanangu zilizonyeshewa mvua. Nilikuwa namtania kwamba siku moja atanianika na mimi.

Mvua za Desemba zilipokaribia, akaja dada mmoja mtaalamu wa kilimo, kijana, anavaa mabuti makubwa kuliko miguu yake. Alikuwa anazunguka kata yetu anang'oa soya za watu na kuangalia mizizi. Kwenye shina alilolihifadhi kutoka shamba la shemeji alinionyesha vinundu, vingi, vimeng'ang'ania mzizi. Akapasua kimoja kwa ukucha. Ndani kilikuwa chekundu kama fizi. Akasema humo wanakaa bakteria wa udongo, na hao ndio wanaoichukua naitrojeni hewani na kuipa soya, soya inawalipa kwa sukari yake. Kwangu hawapo, kwa sababu shamba langu halijawahi kuizoea soya. Nilimuuliza mbona wasiwalete wa dukani, kutoka nje. Akasema wamejaribu, wengine wanakufa kwenye udongo wetu huu mchachu. Hawa wa hapa hapa ni wenyeji, wameshazoea shida.

Nilicheka siku ile. Nikasema kumbe hata wadudu wa udongo wakiwa wageni wanakataliwa Maposeni.

Akaniachia pakiti moja ya unga mweusi wenye bakteria aliowakuza yeye mwenyewe kutokana na vinundu vya kata yetu. Pakiti ilikuwa moja kwa kila mkulima wa majaribio. Masharti yalikuwa machache: changanya na mbegu kwa maji ya sukari, weka kivulini, panda siku hiyo hiyo. Jua ni sumu kwao. Nikachanganya asubuhi kwenye beseni, nikaliweka ukumbini, nikaenda mara moja kwa jirani kuazima jembe la pili. Jirani alikuwa na msiba wa mjomba wake, nikashindwa kuondoka bila kukaa. Niliporudi jua lilikuwa utosini, na mbegu zangu zote zimetandazwa juu ya turubai katikati ya uwanja, zimekauka, zinang'aa. Wifi alikuwa anazigeuza kwa mkono, taratibu, zikauke pande zote.

Sitaandika yote niliyosema. Nilimwita mwanga. Nilisema ametumwa na kaka yake, kwamba ndiyo sababu alirudi kutoka Namasakata, kuja kunimaliza ndani ya nyumba yangu. Nilisema mwanamke aliyeshindwa kwake hawezi kupenda kuona mwenzake ana kwake. Majirani walitoka nje kusikiliza, na mimi nikapandisha sauti ili wasipate shida. Yeye alibaki amechuchumaa, mikono imejaa weusi wa ule unga. Alisema mara moja tu kwamba aliziona zimelowa. Aliziona zimelowa, basi. Na mimi nilijua ni kweli, nilijua hata mdomo ukiwa wazi, lakini hasira ilikuwa tamu na sikutaka kuiacha.

Nikampigia simu yule dada mtaalamu, sauti ya nje, wifi akiwa bado anaokota mbegu uwanjani; mtaalamu akasema pakiti nyingine haipo msimu huu. Halafu akasema iko njia ya zamani: chukua udongo kutoka shamba ambalo soya imestawi miaka mingi, udongo wa kina cha mizizi, ukiwa mbichi, usipigwe jua, uuweke kwenye mistari chini ya mbegu. Bakteria watahama na udongo wao.

Shamba la namna hiyo karibu nasi lilikuwa moja tu. Nikajifunga kitenge kizuri nikaenda kwa shemeji, nikapiga magoti, nikaomba madebe machache ya udongo. Alinisikiliza mpaka mwisho, na mkewe akaitwa asikilize pia, ili nirudie. Kisha akasema udongo wa shamba hautolewi. Anayetoa udongo anatoa nyota ya shamba, bahati yake yote, na anayeuomba anajua anachokitafuta. Kwetu hilo si neno dogo. Mtu akikutwa anabeba udongo wa shamba la mwenzake ni mchawi, hakuna anayemuuliza kuhusu bakteria. Nikainuka magotini, nikafuta vumbi, nikamwambia Mungu anamuona. Akasema na wewe pia anakuona.

Siku tatu baadaye nilifika shambani alfajiri nikakuta viroba vinne kando ya kijia, vimefunikwa majani ya migomba, vimenyunyiziwa maji. Nikafungua kimoja. Udongo mweusi kuliko wangu, wenye mabaki ya mizizi ya soya, na kwenye mizizi vinundu vilivyosinyaa. Nilijua mara moja. Majani yalikuwa yamepangwa kwa adabu ile ile anayopangia vyombo vyake. Tangu nilipomtukana tulikuwa hatuzungumzi. Alikuwa anakula peke yake nyuma ya jiko. Sikwenda kumuuliza wala kumshukuru. Nilipiga mistari, nikamwaga udongo, nikapanda mbegu, nikafukia, na mvua ikanyesha jioni yake.

Shemeji aliona mashimo shambani kwake Jumamosi. Jumapili baada ya misa kila mtu alikuwa ameshajua, na mama mmoja anayewahi misa ya alfajiri kila siku akasema alimwona wifi yangu na kiroba kichwani, anatokea upande ule. Jioni ukoo ukakaa. Niliitwa tena, na wifi akaketishwa chini katikati.

Shemeji alisema dada yake amechukua nyota ya shamba lake. Alimuuliza ameupeleka wapi udongo. Akamuuliza nani alimtuma, akinitupia jicho mimi niliyeuomba. Wifi akainua macho akaniangalia. Hakunionyesha kwa kidole, aliniangalia tu, muda mrefu kuliko watu wanavyoangaliana.

Ilikuwa zamu yangu. Ningesema: udongo uko kwangu, nimeupanda, ni kwa ajili ya bakteria, mpigieni mtaalamu simu. Lakini nilijua jibu la shemeji kama vile ameshalisema. Angesema kitakachoota pale ni cha udongo wake, shamba lako lilikataa, limezaa kwa nyota yangu. Na kikao kingetikisa kichwa. Nikaangalia kucha zangu. Zilikuwa na udongo ule ule chini yake, nikakunja vidole.

"Nimejituma," wifi akasema.

Wakamwambia aondoke kijijini kabla hajamaliza watu. Kaka zake wa tumbo moja. Aliondoka kesho yake na begi lile lile alilokuja nalo, na mabinti zangu wakamlilia mpaka njiani. Mimi nilikuwa shambani. Nilijipa kazi.

Soya ilitoka. Wiki za kwanza ilikuwa kama ya watu wengine, halafu ikabadilika rangi, kijani hadi kukaribia bluu, majani mapana, na nilipong'oa mche mmoja niliona vinundu vimejaa, nikapasua kimoja, chekundu. Nilikaa chini kwenye tuta nikafurahi, nasema ukweli, nilifurahi sana. Shemeji aliacha kupita njia ile. Mavuno yalipotoka magunia yalipangwa uwanjani kwangu mchana kweupe, na ukoo ukakaa mara ya tatu, ukasema shamba limemkubali mama wa watoto, abaki nalo. Shemeji alisema hana neno. Alinipa hata mkono.

Mwezi uliofuata nikapanda gari kwenda Msamala, kule mjini. Nilisikia wifi amepanga chumba huko, anauza dagaa wa Nyasa kwenye meza mbele ya nyumba ya watu. Nilibeba debe la soya safi, iliyopepetwa, nikiwa nimeyapanga maneno tangu nyumbani. Nilimkuta anageuza dagaa juu ya wavu, juani.

"Shikamoo wifi," nikasema.

"Karibu mteja," akajibu. "Nikupimie wakavu au waliokaangwa?"

Nikafikiri hajanitambua, nikavua mtandio. Alikuwa ananiangalia usoni. Marahaba yangu haikuja. Nikaweka debe chini, nikaanza kusema kwamba siku ile kwenye kikao niliogopa, kwamba ningesema wangelichukua shamba, kwamba wanangu. Akaniacha nimwage yote, huku akiwafukuza nzi kwa kipande cha boksi. Wateja wawili walikuja akawahudumia vizuri, akacheka nao na kuwaongeza kidogo juu ya kipimo. Walipoondoka akanigeukia.

"Siku ya mbegu ulikuwa na sauti," akasema. "Mtaa mzima ulikusikia."

Akaniomba nisogeze debe langu, linawazuia watu kufika mezani. Nilibeba debe langu mpaka stendi, likiniumiza kichwa, nikarudi nalo Maposeni.

Yule dada mtaalamu alipita tena msimu huu. Aling'oa miche yangu, akafurahi, akaandika kwenye daftari lake. Akasema hata nisipoweka kitu, bakteria wale wameshakaa, watabaki kwenye udongo wangu miaka na miaka. Alitaka kujua nilipata wapi udongo wa mwanzo, kwa ajili ya rekodi zake. Shemeji alikuwa amesimama pale pale kijiani, amekuja kujifunza, mpole siku hizi, ananiita shemeji kwa upole. Wote wawili walikuwa wananisubiri.

Nikasema sikuleta udongo wowote, ni ile pakiti yake, si mbegu zote zilipigwa jua. Akaandika hivyo.