Mme Mapuleng Aliyenusa Inhela Kama Ugoro

Mamokete alinipa habari ile bombani, ndoo yangu ikiwa haijajaa hata nusu.

"Mwenzangu, umesikia? Jirani yako Mapuleng ana kifua kikuu. Nimemwona kwa macho yangu haya! Kajificha nyuma ya zizi, katoa kitu cha bluu ndani ya blanketi, kakivuta puani, halafu kashika ukuta. Na pombe yake tunainywa kwa kata moja!"

"Labda ni ugoro," nikasema.

"Ugoro gani unalia tss?"

Wanawake waliokuwa nyuma yetu wakasogea. Mwanangu Teboho alikuwa amelala mgongoni. Nikamvutia blanketi hadi masikioni, sijui nilitaka asisikie nini.

Mme Mapuleng, maana mama kwetu huitwa Mme na baba Ntate, anakaa ng'ambo ya ua wetu wa mishubiri, peke yake. Binti yake Puleng anashona nguo kiwandani Maseru. Yeye anapika pombe ya mtama, na ikiiva anapandisha bendera nyeupe juu ya mti mrefu, wanaume wanashuka hata kutoka ule upande wa pili wa mlima. Ugonjwa wake ni pumu, anayo tangu usichana. Mwezi wa Agosti, upepo unapoinua vumbi la mashamba, nilikuwa namsikia kifua kinapiga mluzi mpaka huku kwangu. Nikichungulia mlangoni pake namkuta ameinama mbele ya moto wa samadi, mikono magotini, mabega yanapanda na kushuka. Akipata nafuu anaendelea kukoroga.

Puleng alikuwa akimwambia kila akija, "Mama, acha pombe, nitakulisha."

"Niache halafu nifanye nini? Nikae nihesabu nzi?"

Ile inhela ya bluu, dawa ya pumu ya kuvuta kwa mdomo, alipewa kliniki, dirishani, pamoja na karatasi, basi, hakuna aliyemwonyesha. Sasa mama zetu hapa wamekulia kwenye ugoro. Kitu kidogo cha kuvuta kinakwenda puani, nani atauliza? Siku moja nilimrudishia chujio lake nikamkuta ameinua uso, amefumba macho, anajipulizia pua ya kulia, anangoja chafya. Chafya haikuja. Akahamia ya kushoto.

"Dawa ya serikali hii ni upepo tu, mwanangu," akaniambia.

Na mimi sikujua. Nilikuwa sijawahi kuishika.

Maneno ya bombani yalitangulia bendera. Alipoipandisha safari ile, hakuja mtu. Alikaa mlangoni siku nzima amejitanda blanketi lake zuri, kata imegeuzwa juu ya chungu. Pombe ikachacha, akawapa nguruwe wa Ntate Sekhonyana, na nguruwe ndio pekee waliolewa kijijini. Alicheka alipokuwa akiimwaga. Lakini asipouza pombe, ile nyumba hana namna ya kubaki nayo. Ataondoka akakae kwenye chumba cha Puleng, na hataki.

Kulipokucha akaja kwangu, blanketi limebanwa kwa pini.

"Nisindikize kliniki. Kama ni kifua kikuu waniambie. Kama siyo, wanipe kitu kinachofanya kazi. Sirudi na upepo tena."

Njia ile inapanda. Kila penye jiwe kubwa alikaa. Nilimwambia turudi, akanitazama kama mtu aliyetukanwa, akasimama.

Walimpima makohozi. Majibu yalipotoka tukapanda tena: kifua kikuu hana. Nesi, msichana anayeitwa Nthati, akamwambia, "Mama, hebu nionyeshe unavyoitumia." Mme Mapuleng akaitia puani. Nesi akaziba mdomo kwa kiganja.

"Cheka, mwanangu, cheka. Ukimaliza unifundishe."

Nthati akachukua chupa tupu ya soda, ile ya plastiki, akaitoboa kitakoni, akaichomeka inhela pale. Mdomo wa chupa ukaingia kinywani kwa mama. "Itikise. Toa pumzi. Bonyeza mara moja. Sasa vuta polepole, kama mtu anayeonja uji wa moto. Bana hapo hapo."

Mara ya kwanza alikohoa. Mara ya pili akapuliza badala ya kuvuta, kwa nguvu, kama anachochea moto. Waliokuwa kwenye foleni wakaanza kunung'unika, wengine wakasema bibi huyu aende nyumbani akajaribu.

"Nung'unikeni tu," akasema bila kugeuka. "Kifua hiki ninacho tangu nywele zangu nyeusi. Siondoki kwenye kiti hiki mpaka dawa iingie."

Ikaingia. Nilimwona macho yanafunguka polepole, akasikiliza kifua chake.

Akapewa na nyingine, ya kahawia, ya kila asubuhi na jioni hata akiwa mzima. Hiyo ilimshinda mwanzoni. "Ninywe dawa ya ugonjwa ambao leo haupo?" Lakini akaiweka karibu na beseni la kunawia uso, anavuta, anasukutua, ananawa. Moto akauhamishia nje, akawa anakaa upande unakotoka upepo. Kuhusu ugoro, nesi alimkataza kabisa, yeye akajibu, "Hilo tutazungumza," na mpaka leo wanazungumza.

Maua ya mipichi yalipopukutika, mluzi ulikuwa umenyamaza. Akapandisha bendera.

Ntate Sekhonyana alikuja na wenzake, wakasimama langoni na fimbo zao, hawaingii.

"Mapuleng, watu wanasema kata yako inaua."

"Inaua wasiolipa."

Wakacheka, lakini miguu haikusogea. Basi akaitoa chupa yake mbele yao wote, akaitikisa, akavuta, akabana. Halafu akachota, akanywa yeye kwanza, kama mpishi anavyopaswa.

"Hii ni pumu. Haihami kwa kata. Kifua kikuu nimepimwa, sina. Wewe Sekhonyana umepimwa lini?"

"Mimi? Mimi nimekuja kunywa!" Akavua kofia, akapokea kata kwa mikono miwili. Wengine wakafuata.

Mamokete alikuwa kwenye mishubiri, anajifanya anatafuta kuku.

"Ingia, Mamokete, kuku wako hayuko huko."

Akaja, macho chini. Nilidhani atapata yake. Mme Mapuleng akamkalisha kwenye mkeka, akampa kata, akangoja amalize.

"Kijiji kizima hakuna anayenitazama kama wewe," akamwambia. "Hata nyuma ya zizi uliniona. Mimi nalala peke yangu, na huyu binti jirani ana mtoto mgongoni. Dawa ya bluu inakaa kwenye mkoba, kwenye msumari wa mlangoni. Ukiona mabega yangu yanapanda, usikimbilie bombani. Njoo kwangu. Unikalishe, uitikise, unishikie chupa mdomoni, halafu umtume mtu kwa nesi. Haya, ishike sasa nikuonyeshe. Utanifanyia, dada yangu?"