Zawadi ya Mzee Mlango

Walimwita Mzee Mlango, na jina halikuwa la bure: alilinda mlango wa benki ile ile mpaka kichwa kikajaa mvi. Siku ya kumuaga, meneja alikata keki, akamsifu hadi machozi yakamtoka, akamwonyesha pa kutia sahihi, kisha akampa bahasha. Ndani mlikuwa na kadi.

"Ni yako, mzee wetu. Tumia upendavyo."

Mtu akikupa bahasha kwenye sherehe ya kukuaga, utaiitaje kama si zawadi? Mkewe alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kadi ikalipia upasuaji wa jicho la kulia. La kushoto lingengoja pensheni.

Pensheni ikaja imenyofolewa. Mwezi wa pili, vivyo hivyo. Benki ilijikatia deni lake na riba kabla Mzee hajagusa hata senti, na deni lenyewe wala halikutikisika. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki Mzee alikuwa amekilinda mchana na usiku!

"Si neno, mume wangu," mkewe alisema. "Hata kwa jicho hili moja naona ulivyozeeka."

Alicheka peke yake.

Asubuhi Mzee akaenda benki. Meneja hakuinuka hata kitini.

"Mzee, ulitia sahihi."

"Nilitia sahihi ya kupokea zawadi!"

"Kadi ya mkopo si zawadi. Kila mtu anajua."

"Wewe ulijua. Ukanyamaza, ukanilisha keki!"

Meneja akamwita mlinzi mpya, ambaye Mzee mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi.

"Shikamoo, mzee. Wamesema nikutoe."

"Marahaba. Shika kiwiko, siyo bega. Nilikufundisha nini?"

Mlinzi akamtoa, akarudi ndani. Pale nje mwalimu mstaafu alikuwa anapanda ngazi, kavaa suti, bahasha mkononi.

"Wamenizawadia kadi," alisema, uso umechangamka. "Nimekuja waifungue ianze kutumika."

Mkono wa Mzee ulikwisha kushika kitasa, kwa mazoea tu. Akauondoa. Akageuka, akaegemeza mgongo wake mpana mlangoni.

"Hupiti, mwalimu. Kwanza nikueleze habari za jicho la mke wangu."

Huko ndani meneja alipiga kelele mzee aondolewe. Mlinzi mpya akausukuma mlango kwa kidole kimoja, akasema ni mzito.