Kiganja cha Kaka

Kila asubuhi, kabla hajanywa chai, wifi yangu alikipulizia pumzi kioo cha sebuleni, akakisugua kwa gazeti mpaka kikalia kama kifaranga. Kiangazi alianza na kitambaa kikavu, maana vumbi likikutana na maji huwa tope. Masika alitoka nje kufuta matone ya matope. Wakati wa baridi, vioo vikitoka jasho, aliacha dirisha wazi kidogo lipumue. Mama akipita husema, "Nyumba imepata macho." Vioo hivyohivyo nilivisugua mimi tangu nitoke shule, na nyumba haikupata hata kope. Nikawa nakaa na sufuria zangu namtafutia mchirizi mmoja tu, siuoni.

Kaka, mumewe, ni fundi magari, na habishi hodi mlangoni. Hupiga kioo kwa kiganja chenye grisi, wifi akafuta. Jioni moja wifi alimwambia taratibu, "Mlango upo, baba."

"Na wewe tambara letu si upo?" Kaka akajibu, akicheka. Mama akacheka. Mimi nikacheka kuwashinda wote. Wifi akaitazama mikono yake iliyochunika kwa siki ya kufutia vioo.

Kesho yake alifuta vioo vyote, akakiruka chenye kiganja. Nikajua leo nimempata, nikamwita Mama aje aone uchafu. Wifi akabeba ndoo, akasema anakwenda kumwaga maji. Ndoo tuliikuta getini bila yeye, imeoshwa, ameiinamisha ikauke.