Mkono wa Mukashema hukaa juani siku tatu

Saa nne asubuhi, na gulio la Kihanga limeshachangamka. Wauza maharage wamejibanza chini ya maturubai. Wauza mitumba wanagombania kivuli cha ukuta wa ghala la kahawa. Jua la Julai huku Karagwe ni janja: linakuja na upepo wa baridi ili usilihisi, na likishakupata limekupata. Kila mwenye akili zake analikwepa.

Mwanamke mmoja tu ndiye amelifuata. Ameweka kigoda chake mahali pa wazi, amekunja mkono wa gauni mpaka begani, na mkono wa kushoto ameulaza juu ya goti kama mtu anayesubiri kudungwa sindano. Mbele yake kuna sanduku la mbao lenye vichupa kumi na vinne vya mafuta ya manukato, vimefunikwa kwa kitambaa kinene cheusi. Mali iko kivulini, mwenye mali yuko juani.

"Mama Kayitesi, leo utaiva!" anamtania muuza ndizi wa jirani.

"Acha niive mimi, wasije wakaiva watoto wa watu," anajibu, wala hageuki.

Huyu ndiye Mukashema, mjane wa miaka arobaini na saba, mama wa watoto watatu, Kayitesi akiwa wa kwanza. Leo ni siku ya tatu mkono wake uko juani. Kila asubuhi tangu juzi anapaka tone la mafuta mapya aliyochanganya, palepale chini ya kiwiko, kisha anakaa kuanzia saa nne mpaka saa nane. Ngozi ikibaki safi hadi kesho, mafuta yanaingia sandukuni. Ikiwasha, ikipiga wekundu hata kidogo, kichupa kizima kinamwagwa shimoni.

Kwa nini mtu mzima ajitese hivyo? Jibu liko kwenye mkono wa kulia, ambao huwa haufunui mbele za watu. Mwandishi alipoomba kuuona alisita, kisha akaupandisha mkono wa gauni polepole. Kuanzia kifundo hadi karibu na kiwiko kuna baka la kahawia iliyokolea, refu, lililoteremka kwa mchirizi jinsi mafuta yalivyotiririka siku ile. Katikati yake kuna kipande cha mraba ambacho ni cheupe na laini kuliko ngozi yote iliyokizunguka.

"Hapo palikuwa pamefunikwa na jani la mgomba," anasema. "Hilo jani moja ndilo lililonisemea."

Mukashema alivuka Mto Kagera mwaka 1961 akitokea Rwanda, msichana wa miaka kumi na tano aliyeshika mkia wa ndama ili asisombwe na maji. Ndama alikufa mwaka uleule. Kilichobaki ni kazi ya mama yake, ambaye kwao alikuwa akifukiza vibuyu vya maziwa na kutengeneza samli ya kunukia ya kupakwa maharusi. Mumewe, Anastazi, alikuwa kibarua wa kahawa. Alipofariki mwaka 1986, mjane akaikumbuka kazi ya mama na kuanza kupanda malori ya mizigo hadi mpakani Murongo, kununua mafuta makali yanayotoka Uganda na kuja kuyachanganya nyumbani.

Kumwona akiuza ni elimu. Mteja wa kwanza leo ni mama mmoja kutoka Igurwa, anayetaka mafuta ya waridi na anataka sasa hivi. Mukashema anachovya kijiti, anamgusisha ndani ya kifundo cha mkono, kisha anafunga kichupa.

"Nenda ukanunue maharage yako. Urudi baadaye."

"Lakini nimeshayapenda, mama waitu! Yananukia vizuri."

"Hiyo harufu ni ya chupa. Saa moja ikipita itakuwa harufu yako wewe, na wewe bado hujainusa."

Mama wa Igurwa anaondoka akinung'unika. Saa moja baadaye anarudi, ameshika pua. Waridi limegeuka kuwa kali, karibu na siki. Mukashema anacheka kwa mara ya kwanza leo, anamjaribishia asmini kwenye mkono wa pili na kumtuma tena. Kwa utaratibu huu anauza vichupa vitatu, vinne kwa gulio, na wiki nyingine haviuziki hata kimoja. Wanawe wamesoma kwa vichupa hivyo hivyo.

Mwaka 1989 alikuwa na jina kubwa kuliko leo. Familia zikimwoza binti, zilimwita Mukashema. Wakati huo binti anakuwa amewekwa ndani, haonekani na wageni, haguswi na jua, anapakwa samli mpaka ngozi inang'aa. Kwa hiyo mafuta yake ya harusi hayajaribiwi kwake. Hujaribiwa kwenye mkono wa shangazi, ndani ya nyumba, mlango umefungwa, na shangazi ndiye anayesema haya ndiyo au haya siyo.

Ndivyo ilivyofanyika kwa Felicitas, binti wa Igurwa aliyekuwa aolewe na kijana aitwaye Placidius. Shangazi yake, Kokubanza, alikuwa mgumu wa kuridhika. Alikataa karafuu, alikataa udi. Mukashema akatoa kichupa kipya alichokuwa amekileta kutoka Murongo, mafuta makali ya maganda ya ndimu, akachanganya na samli. Chumba kizima kikajaa harufu safi kama ya asubuhi baada ya mvua.

"Nilisema haya haya, usitafute mengine," anakumbuka Bi Kokubanza. "Nilikaa nayo mkononi siku nzima, mle ndani. Hayakunifanya kitu."

Jumatano kabla ya harusi, Felicitas alitolewa nje kwa mara ya kwanza baada ya mwezi mzima, aende kuungama kwa padri. Shangazi akampaka shingoni na mabegani ili watakaompita njiani wajue bibi harusi amepita. Ulikuwa ni mwendo wa saa moja na nusu kwenda, na mwingine wa kurudi, jua la saa sita likiwa utosini.

Ijumaa shingo ilikuwa imevimba. Malengelenge yalizunguka kutoka sikioni hadi begani, yamejipanga kwa mstari.

Msomaji aliyekuwepo Kagera miaka ile hahitaji kuelezwa. Kila juma kulikuwa na msiba. Malengelenge ya mstari yaliitwa mkanda wa jeshi, na aliyeota mkanda wa jeshi watu walimhesabu tayari miongoni mwa wagonjwa wa ukimwi. Jumamosi asubuhi mzee Rwegoshora, baba wa Placidius, alimtuma mtu kusema kwamba harusi haipo.

Hapa Mukashema anaweka kifuniko kwenye kichupa kilichokuwa tayari na kifuniko.

"Mimi nilijua," anasema hatimaye. "Andika hivyo hivyo. Nilijua Jumamosi ileile."

Alijua kwa sababu siku ya kuchanganya yale mafuta, tone lilimdondokea nyuma ya kiganja, naye akarudi nyumbani kwa miguu mchana kweupe. Kiganja kilikuwa kimeota lengelenge moja, lenye umbo la tone. Aliposikia habari za Felicitas alilitazama, akaelewa.

Siku ya pili Kokubanza alifika mlangoni kwake na kumuuliza: "Mukashema, mle ndani ya mafuta mlikuwa na nini?" Naye, mkono akiwa ameuficha chini ya kitenge, akajibu: "Samli na ndimu tu. Hakuna kitu."

"Niliogopa," anasema. "Mimi ni mtu wa kuja. Nikajisemea, wakijua ni mimi, watasema Mnyarwanda ameleta sumu. Nitafukuzwa mimi na watoto wangu, nitaenda wapi? Nikasema ngoja yapone, yakipona watu watasahau."

Malengelenge yalipona na kuacha mabaka. Watu hawakusahau. Kokubanza anasimulia kwamba nyumbani kwa kaka yake, kikombe cha Felicitas kilianza kutengwa. Hakuna aliyetoa amri. Kilijikuta tu kimewekwa rafu ya juu, peke yake, na sahani yake pembeni. Binti alikiona siku ya kwanza, akanywea chai na kukirudisha palepale mwenyewe.

Habari ya kikombe ndiyo iliyomfikia Mukashema baada ya wiki tatu, kisimani, ikisimuliwa na watu waliokuwa wakicheka.

"Yezu wangu, sikulala," anasema. "Nilijua sasa ninamzika mtu akiwa hai."

Asubuhi yake alitembea hadi kwa mzee Rwegoshora na kile kichupa. Alikuta wanaume wa ukoo wamekaa. Akapiga magoti, akasema kilichomuunguza binti ni mafuta yake yalipokutana na jua, na kwamba alikuwa amekaa kimya kwa woga. Hawakumwamini. Mmoja alisema amelipwa na upande wa msichana aje kusafisha jina. Lengelenge lake mwenyewe lilishapona, hakuwa na cha kuonyesha.

Basi akamimina mafuta kwenye mkono wa kulia, mengi, akaacha yatiririke. Akaomba jani la mgomba, akachana kipande cha mraba, akakibandika juu ya mafuta ili jua lisifike hapo, na kukifunga kwa kamba. Akakaa katikati ya uwanja wa mzee Rwegoshora, juani, kuanzia asubuhi hadi jua lilipoanza kushuka. Hakuna aliyempa maji. Alirudi siku ya pili akakaa tena, ingawa mkono ulikuwa umeshaanza kuwaka moto. Siku ya tatu aliingia uwanjani akiwa ameushika kwa mkono mwingine.

Mzee Rwegoshora, ambaye sasa ana miaka zaidi ya themanini, anaikumbuka siku hiyo vizuri. "Ulikuwa umejaa malengelenge tupu," anasema. "Nikaondoa lile jani mwenyewe. Chini yake ngozi ilikuwa ya mtoto mchanga. Nikawaambia vijana wangu, haya, nani ana swali? Hakuna aliyekuwa na swali."

Habari zilienea kuliko uvumi wenyewe. Kikombe kikashuka rafuni. Placidius alitumwa na baba yake kwenda kuomba upya, akiwa na mbuzi na maneno matamu. Felicitas alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwamba kama vidoa vya mafuta vilimkimbiza Placidius, siku yeye Felicitas atakapougua kweli atamtafutia wapi. Mbuzi akarudi na mwenyewe.

Mukashema alisamehewa na wazee. Faini ilikuwa mtungi wa lubisi, pombe ya ndizi, nao waliunywa pamoja naye. Wateja wa harusi hawakurudi. Ila mtu mmoja hakumsamehe wala kumlaumu. Kwa miaka minne Felicitas amekuwa akipita gulioni mbele ya sanduku lile bila kutoa salamu. Mukashema anahesabu kila mara anapopita.

"Zile wiki tatu ndizo zinazomuuma," anasema. "Siyo mafuta. Mafuta ni bahati mbaya. Kimya kilikuwa changu."

Mwezi ujao Felicitas, ambaye sasa ana miaka ishirini na sita, anaolewa na mwalimu kutoka Muleba aitwaye Egbert. Mukashema hakuambiwa. Alisikia kanisani zikitangazwa ndoa. Tangu siku hiyo amekuwa akichanganya mafuta ambayo hakuna aliyemwagiza: asmini, udi kidogo, hakuna ndimu. Ndiyo hayo yaliyo juu ya mkono wake wa kushoto leo, siku ya tatu.

"Sitampelekea," anasema. "Sina uso huo. Nitayaweka tu hapa, akipita ayakute yapo."

Saa saba na nusu mchana muuza ndizi anakohoa kwa namna ya kumshtua mtu. Kokubanza anakuja kati ya mafungu ya viazi, na nyuma yake yuko binti mrefu, amejitanda khanga hadi kidevuni. Mukashema anaanza kuuteremsha mkono wa gauni.

"Shikamoo, mama," anasema Felicitas.

"Marahaba," anaitikia Mukashema.

Felicitas anachuchumaa, anaushika ule mkono wa kushoto, anauinamia na kuunusa pale chini ya kiwiko. Ananusa mara ya pili, macho ameyafumba. Kisha anaushika wa kulia, anapandisha mkono wa gauni bila kuomba ruhusa, na kulitazama baka lote, kuanzia kifundo mpaka mwisho. Watu wa karibu wameacha kuuziana.

"Sijawahi kuliona," anasema. "Nilisimuliwa tu."

Kokubanza anatoa mkono wake kwa mazoea. "Haya, nipake mimi nijaribu, twende. Huyu kesho kutwa tunamweka ndani."

"Hapana, shangazi," anasema Felicitas.

Anafungua khanga. Shingoni, kutoka sikioni hadi begani, yale mabaka ya kale bado yanaonekana, hafifu, kwa atakayetazama. Na gulio zima linatazama.

"Nipake hapa, mama. Palepale."

"We mtoto!" Kokubanza anashika kichwa. "Bibi harusi hakai juani! Watu wataonaje?"

"Ndicho ninachotaka, waone. Mara ya kwanza mlinificha, shangazi, mkanijaribia kwa wengine. Leo nitakaa hapa. Kesho na kesho kutwa nitakuja nyumbani kwake, pale barabarani, nikae tena. Siku tatu, kama nilivyosikia anakaa yeye."

Mukashema anachovya kijiti. Machozi yanamtoka waziwazi na hayafuti. Anasema ombi lake kwa Mungu ni moja tu sasa, kuiona shingo hiyo siku ya nne ikiwa safi, na kusimama nyuma kabisa kanisani siku ya harusi, mahali ambapo harufu itamfikia.

Kisha anainuka kwenye kigoda, anakipangusa kwa pindo la kitenge na kukisogeza, naye anakaa chini kwenye vumbi.

"Kaa, mwanangu," anasema. "Jua bado lipo."