Mshiriki wa Kumi na Nne

Siku niliyokabidhiwa tasnifu yangu ya uchumi, jalada gumu, jina limepigwa rangi ya dhahabu, sikulia wala sikucheka. Nilitaka kulala. Miaka saba, jamani, inamchosha mtu mpaka kwenye mifupa. Mume wangu alileta keki, nikasinzia kabla haijakatwa.

Ila kulikuwa na mtu mmoja sijamshukuru ana kwa ana, na nilijijua: nisipoenda Jumamosi ile, siendi tena. Mama muuza mihogo wa Mbagala. Mwaka mzima nilikalia kigoda chake nikimuuliza kwa nini wachuuzi wadogo hawapanui biashara, naye akinijibu huku anageuza mihogo kwenye karai. Bila yeye wenzake wasingenifungulia mdomo.

Nikatoka kwangu Mtoni asubuhi, kitabu kwenye mfuko. Nikamwamkia, akaitikia, akafuta mikono kwenye kanga na kukipokea kwa mikono miwili. Akasema uzito huu, kweli nimesoma. Kisha akataka nimwonyeshe alipo yeye. Nikamweleza kwamba chuo hakiruhusu majina, humo ndani anaitwa Mshiriki wa Kumi na Nne. Hilo halikumsumbua. Alitaka kusikia alichosema.

Kitabu ni cha Kiingereza, ikabidi nitafsiri palepale. Nikamsomea kwamba Mshiriki wa Kumi na Nne hakuongeza karai la pili kwa sababu ya hofu ya hasara.

Akaacha kugeuza mihogo.

"Mwanangu, mie sikukwambia naogopa. Nilikwambia nimechoka."

Nikasema labda sikusikia vizuri. Mwongo mkubwa mimi! Nilikumbuka kila kitu. Aliniambia anaamka kabla ya adhana kumenya mihogo, ana mama yake mgonjwa wa kugeuzwa kitandani, na karai la pili lingetaka mikono mingine ambayo Mungu hakumpa. Nikaandika kwenye daftari, kwa mkono wangu: amechoka. Lakini kwenye jedwali la sababu palikuwa na nafasi tatu tu: hofu ya hasara, kukosa mtaji, na mengineyo. Msimamizi wangu akasema mengineyo yakijaa, utafiti unaonekana haukufanywa. Nami nilikuwa hoi, nataka jedwali liishe tu. Nikamhamishia kwenye hofu, yeye na wengine kadhaa.

Nikamwomba radhi. Akauliza kama naweza kusahihisha. Nikamwambia chuo kimeshakipitisha, kimeshafungwa jalada. Akaniwekea mihogo kwenye karatasi, pilipili nyingi kama ninavyopenda, akasema basi nimsomee hapo nilipomshukuru.

Nikafungua ukurasa wa shukrani. Nilikuwa nimesahau nilivyouanza. Aya nzima ya kwanza ni kuchoka kwangu: usingizi, mgongo, macho, siku nilizotaka kuacha, mume aliyenishika mkono. Wachuuzi wa Mbagala wako mstari wa mwisho. Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Ningeweza kuruka, asingejua. Sikuruka. Nilimsomea yote, neno kwa neno, mpaka kwenye mstari wao.

Alisikiliza mwiko mkononi, mihogo ya upande mmoja inaanza kuungua.

"Pole, mwanangu," akasema. "Kumbe kuchoka unakujua."